Mwacheni Mama Anyonyeshe

Ndugu zangu, nyumba ya Firauni haikupungukiwa kitu. Palikuwa na dhahabu, palikuwa na watumishi, na palikuwa na wanawake wenye maziwa waliokuwa tayari kuitwa. Lakini siku kichanga kilipookotwa mtoni na kuingizwa katika nyumba ile, utajiri wote ulishindwa kukituliza. Qurani inasimulia kwamba Musa alikataa maziwa ya wanyonyeshaji wote, mpaka dada yake alipowaelekeza watu wa Firauni kwa mama yake mzazi. Kitabu cha Kutoka nacho kinasimulia kwamba binti Firauni alimkabidhi mama yule mtoto amnyonyeshe, akaahidi kumlipa mshahara. Uwekeni akilini mshahara huo, nitaurudia. Waendao msikitini Ijumaa na waendao kanisani Jumapili wanaisoma habari moja: hata chini ya mfalme aliyeamuru watoto wauawe, ilionekana wazi kwamba kichanga kinataka ziwa, na mwenye ziwa anataka nafasi.

Leo sina neno la kumkaripia mama. Amekaripiwa vya kutosha. Amekaripiwa kliniki, amekaripiwa na mawifi, na kila ifikapo wiki ya unyonyeshaji, tarehe 1 hadi 7 Agosti, mabango yote yanamtazama yeye. Mimi nawageukia mliomzunguka. Wewe mume. Wewe mama mkwe. Wewe unayempa kazi. Wewe uliyeshika kipaza sauti msikitini na kanisani. Mama hunyonyesha, lakini sisi ndio tunaomwachia anyonyeshe au tunaomzuia, na nasema kwa uchungu kwamba mara nyingi mno tunamzuia.

Tazameni saa ya kwanza tu. Mtoto amezaliwa, amelia, amefutwa. Wakati huo huo angewekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, angeanza kulitafuta ziwa mwenyewe. Badala yake anavishwa, anapigwa picha, anapokezanwa na shangazi watatu, anatumwa kwenye simu za ukoo mzima. Mama aliyepasuliwa analala bila mtu wa kumsaidia kujiinua, na saa inapita. Wengine wanamkamua ile dang'a na kuimwaga kwa sababu ni nzito na ya manjano, wakisema ni maziwa machafu yaliyolala. Uchafu gani? Dang'a ni kinga ya kwanza anayopewa mwanadamu. Imejaa kingamwili zinazotanda kwenye utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visipenye, na ina vitamini A kwa wingi. Huwa kidogo, vijiko vichache kwa siku, kwa sababu tumbo lenyewe la kichanga ni dogo. Mwaka 2006 watafiti waliofuatilia karibu watoto 11,000 katika vijiji vya Ghana walitoa hesabu inayopaswa kutunyima usingizi: kama watoto wote wangeanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza, asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga ingeepukwa. Hakuna mashine hapo, wala sindano. Ni saa moja tu ambayo jamaa hawakumwibia mtoto.

Sasa nawageukia bibi zetu. Shikamooni, mama zetu. Nazungumza nanyi kwa heshima kwa sababu hakuna aliyebeba mengi kama ninyi. Ninyi mlijua arobaini ni nini: siku arobaini mzazi asiguse sufuria, asibebe ndoo, akandwe kwa maji ya moto, anywe uji wenye pilipili manga. Kilimanjaro mlimpikia mtori, na Kenya ya kati mkampikia njahi. Urithi huo ni sahihi kabisa, kwa kuwa mwili unaonyonyesha unahitaji chakula cha ziada kila siku, takriban kalori 500, na unahitaji mapumziko kuliko kalori. Mjini tumeupoteza. Binti anajifungua Jumanne, Ijumaa anafua. Rudisheni arobaini, bibi zetu, tunawaomba.

Lakini kile kijiko, kiwekeni chini. Kijiko cha maji, kwa kuwa joto la Mombasa na Dar es Salaam linatisha na mnasema mtoto ana kiu. Kijiko cha maji ya sukari, cha dawa ya mchango, cha uji mwepesi mtoto akiwa na miezi miwili. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Yanayotoka mwanzo ni mepesi na hukata kiu, yanayofuata yana mafuta zaidi na hushibisha. Kwa hiyo mtoto mwenye kiu apewe ziwa, hata jua likiwa la Lamu, hata mwezi wa pili. Kijiko cha maji hujaza tumbo bila kulisha, na mara nyingi huja na vijidudu vya kuharisha. Katika maziwa hayo mna pia sukari za aina zaidi ya 200 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa humo kulisha bakteria wema wa utumboni, wale wanaowafukuza wabaya. Nani mwingine angewaza kumpikia mtoto na kuwapikia walinzi wake katika chungu kimoja?

Mtaniambia: maziwa yake hayatoshi, mtoto analia. Hapa ndipo msiba unapoanzia, na naomba mnisikilize taratibu. Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya mara nyingi, yanaongezeka. Akipewa uji saa nne, saa sita hana hamu ya ziwa. Ziwa lisiponyonywa mwili unapokea habari kwamba maziwa hayahitajiki, unapunguza. Wiki ya pili yanapungua kweli, na bibi anasema, niliwaambia. Hapana, mama yangu. Ni uji ulioyakausha. Kilio cha mtoto kina sababu nyingi, naye akipita kipindi cha kukua kwa haraka hutaka kunyonya karibu kila saa kwa siku kadhaa, ili kuuambia mwili uongeze. Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu nepi: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na kadi ya kliniki ikionyesha uzito unapanda, ameshiba. Miezi sita ikitimia, leteni uji wa lishe, leteni ndizi na maharage na mboga na yai, leteni vijiko vyote. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili na zaidi. Ndivyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanavyoelekeza, na miaka miwili kamili Qurani iliitaja karne nyingi kabla hawajaanzishwa.

Kuna jambo jingine, linasemwa kwa kunong'ona, na mimi nataka nilitaje kwa sauti. Ni kubemenda. Mtoto anayenyonya akikonda, akichelewa kutembea, nywele zikigeuka rangi, majirani wanatazamana: wamembemenda. Maana yake wazazi wamelala pamoja, au mmoja ametoka nje ya ndoa, na maziwa yameharibika. Ndugu zangu, tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hata mimba mpya haiyageuzi kuwa sumu. Mtoto yule ana utapiamlo, au ana ugonjwa, kifua kikuu labda, minyoo, malaria isiyoisha, na anahitaji kituo cha afya leo hii. Lakini mama anamficha ndani, kwa sababu kumpeleka kliniki ni sawa na kukiri zinaa mbele ya foleni nzima. Wengine, wakiogopa, wanamwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi minane ili waendelee na ndoa yao, na hapo kweli anaanza kukonda. Wengine wanaachwa na waume zao. Uzushi huu unaua. Unaua mtoto kwa kumnyima matibabu na unaua heshima ya mama aliyekuwa akitoa kila alichonacho. Uaminifu katika ndoa ni wajibu, nauhubiri na nitauhubiri. Lakini mwili wa mtoto mwenye njaa usifanywe mahakama ya wazazi wake.

Baba, usijifiche nyuma ya gazeti. Ziwa huna, mikono unayo. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku hakuna mbadala, na ndiyo maana saa nane ya usiku ni saa yako pia. Amka. Mlete mtoto, mbadilishe nepi, akimaliza kunyonya mweke begani acheue, mrudishe kitandani. Ipo homoni ya pili, ile inayoyasukuma maziwa yatoke. Hiyo hufungwa kwa muda na hofu, maumivu na fedheha. Ukiingia nyumbani ukafoka juu ya chakula ambacho hakijapikwa, matusi yako yanaishia tumboni mwa mwanao, kwa sababu maziwa yaliyokuwa tayari yanakataa kushuka. Je, ulijua kwamba una uwezo huo? Sasa umejua, na hakuna tena wa kumsingizia.

Unaweka akiba ya ada, nakupongeza. Ubongo wa mwanao unakua karibu maradufu katika mwaka wake wa kwanza, kabla hajashika kalamu. Kule Belarus, mwaka 1996 na 1997, ziliandikishwa jozi zaidi ya 17,000 za mama na mtoto. Hospitali nyingine ziliwapa akina mama msaada mkubwa zaidi wa kunyonyesha na nyingine ziliendelea kama kawaida. Watoto walipopimwa wakiwa na miaka sita na nusu, wale wa hospitali zilizosaidia walipata alama za juu zaidi za akili. Angalia vizuri kilichotofautisha makundi hayo: msaada aliopewa mama. Na mama mwenyewe analindwa. Uchunguzi uliojumlisha tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Mume anayempenda mkewe ana sababu ya kuamka saa nane.

Sasa nairudia ile habari ya mshahara. Binti Firauni, mtoto wa dhalimu, alilipa. Sisi tunafanya nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Kenya inampa miezi mitatu, na Sheria yake ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Siku 84 hazifiki hata nusu ya miezi sita! Ndiyo maana zile saa mbili ni uhai, na ni wanawake wangapi wanathubutu kuziomba? Wakiziomba wanaambiwa wachague kazi au mtoto. Mwajiri, hiyo si fadhila unayotoa, ni haki unayoishikilia. Chumba chenyewe si jumba: kiti, mlango unaofungika, maji ya kunawa, na jokofu dogo la kuwekea maziwa yaliyokamuliwa, ili mlezi nyumbani amnyweshe mtoto kwa kikombe safi.

Na tusijifanye waajiri ni wenye viwanda tu. Yupo dada wa kazi. Anamlea mtoto wako, anambeba, anambembeleza, na mwanawe yuko kijijini kwa bibi akinywa uji wa chumvi. Ulimwajiri ukijua amejifungua miezi mitatu iliyopita. Ulifurahi kwamba ana uzoefu wa watoto! Nakusihi, utakapomwona akikamua kifua chake kwenye sinki usiku, usiseme hukujua. Yupo mama mboga aliye sokoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na yupo mchuma maua wa Naivasha na wa Arusha. Soko lenye vyoo vya kulipia halishindwi kuwa na chumba kimoja chenye benchi na kivuli.

Juu ya maziwa ya kopo nitasema machache, maana yamesemwa na wenye sauti kuliko mimi. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amewatibu watoto wenye kwashakoo katika nchi inayoitwa leo Ghana, alisimama mbele ya wafanyabiashara huko Singapore akawaambia kwamba vifo vya watoto vinavyotokana na propaganda ya kuwalisha maziwa ya kopo vihesabiwe kuwa mauaji. Derrick Jelliffe, aliyefundisha udaktari wa watoto Makerere miaka ya 1960, baadaye aliuita utapiamlo wa namna hiyo utapiamlo uzaliwao na biashara. Tarehe 21 Mei 1981 mataifa 118 yalipiga kura kupitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo, na moja tu, Marekani, likapinga. Tanzania iliweka kanuni zake 1994, Kenya ikatunga sheria 2012. Kopo lina mahali pake, kwa mtoto ambaye mama amefariki au hawezi kabisa, kwa ushauri wa daktari. Mama huyo asinyooshewe kidole na mtu yeyote anayesoma maneno haya. Nairobi, katika Hospitali ya Pumwani, tangu 2019 ipo benki ya maziwa yaliyotolewa na akina mama wengine kwa ajili ya vichanga kama hao, na natamani kila jiji letu liwe nayo. Ila kopo linaloletwa kama zawadi ya ufahari kwa mama mwenye maziwa yake, kisha likakorogwa na maji yasiyochemshwa na kuzimuliwa ili lifike mwisho wa mwezi, hilo lirudisheni dukani mkamnunulie samaki.

Wapo wanaosoma hapa moyo ukiwadunda kwa sababu wana VVU. Dada yangu, huku ndiko nilikokuwa nakuja. Kuna wakati mliambiwa msinyonyeshe. Wengi walitii wakilia, wakanunua makopo, na wengine wakazika. Mapema mwaka 2006 mvua kubwa ziliipiga Botswana, maji yakachafuka, kuhara kukaenea, na watoto waliopatwa zaidi walikuwa wale wasionyonya, watoto ambao mama zao walipewa maziwa ya kopo bure kwa nia njema kabisa. Elimu ilisonga mbele. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo: mama atumie dawa za kufubaza virusi, anyonyeshe, na mwaka 2016 likasema anaweza kuendelea hadi miezi 24 na zaidi, maadamu anazimeza dawa zake ipasavyo. Meza dawa kila siku, mpe mtoto dawa aliyoandikiwa, na katika miezi sita ya kwanza mpe ziwa tupu bila kuchanganya na chochote. Ni kule kuchanganya kunakoujeruhi utumbo na kufungua njia. Na hapa narudi kwako, mume, na kwako, mama mkwe: mwanamke anayelazimika kuficha vidonge ndani ya mfuko wa unga hawezi kuvimeza kwa saa. Mnapomlazimisha ampe mtoto uji ili asishukiwe, ninyi ndio mnaomweka mtoto hatarini. Nenda kapime naye. Mkumbushe vidonge vyake.

Msidhani nahubiria jiwe. Kenya, mwaka 2003, watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi sita ndio waliokuwa wakinyonya bila kupewa kingine. Mwaka 2014 walikuwa 61. Tanzania mwaka 2022 walifika 64. Watu walisikia, wakabadilika, na walibadilika mabibi kwa wajukuu. Lakini hao 64 wanaacha zaidi ya theluthi moja ya vichanga vyetu, na kila kimoja kina baba, kina ukoo, kina mtaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa mashehe, wachungaji, mapadre na wazee wa mitaa. Ibrahimu, baba wa imani zetu, alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Sisi tuna akika, tuna ubatizo, tuna arobaini, tuna sherehe za kumaliza chekechea, na mwanamke aliyeamka kila usiku kwa miaka miwili hana hata siku moja yake. Anzeni na mtoto mmoja, mwaka huu, mtaani kwenu. Akifikisha miaka miwili na kulikizwa, tangazeni baada ya swala, tangazeni kabla ya sadaka. Wanaume wachange, wanaume wapike. Mamkwe amkaribishe mkwewe kwenye mkeka wa mbele, aketi ale, na mtu asimpe mtoto wa mtu yeyote amshikie mpaka amalize sahani yake.